Kutoka Makapi ya Miwa hadi Kemikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ninayoulizwa na wakulima wa miwa wa Chemelil na Muhoroni, wavuvi wa Dunga, na wanafunzi wa kemia wa Kisumu, Maseno na Kakamega, kuhusu kuigeuza selulosi ya mimea kuwa kemikali za viwandani kwa vichocheo vya metali, yaani metali zinazoharakisha badiliko la kikemia bila zenyewe kuisha. Nimejibu kama ninavyojibu ana kwa ana. Penye habari njema nimesema, na penye kikwazo nimekitaja wazi, maana ukanda huu umeahidiwa viwanda vingi na watu wake wana haki ya kujua kilichopo na kisichopo.

Selulosi ni nini, na kwa nini ng'ombe anaishiba mimi siwezi?

Ni kile kinachoufanya mmea usimame. Ukitafuna muwa ukameza maji yake, zile nyuzi unazotema, yaani makapi, zikikaushwa huwa na selulosi ya asilimia 40 hadi 50. Takriban robo ni hemiselulosi, minyororo mifupi zaidi ya sukari mbalimbali, na karibu sehemu moja ya tano ni lignini, gundi ngumu inayozishika nyuzi pamoja. Mfaransa Anselme Payen ndiye aliyeitenga selulosi na kuieleza mwaka 1838.

Kikemia, selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi, sukari ile ile inayozunguka katika damu. Wanga wa ugali nao ni mnyororo wa glukosi. Tofauti iko kwenye kifungo. Katika wanga glukosi zimefungana kwa namna ambayo vimeng'enya vya tumbo letu vinaweza kuifungua. Katika selulosi kila glukosi imegeuka upande wa pili wa jirani yake, kwa hiyo mnyororo unanyooka, minyororo inalala sambamba, inashikana, na kuwa fuwele ambamo hata maji hupenya kwa shida. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuikata. Anafuga vijidudu tumboni, navyo vinaifanya kazi hiyo polepole. Sisi tunataka ifanyike kwa saa moja au chini ya hapo, na ndiyo maana tunahitaji joto na metali.

Hiyo metali inafanya nini hasa ndani ya mtungi?

Kuna kazi mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuukata mnyororo, na hiyo ni kazi ya asidi. Imejulikana tangu 1819, pale Henri Braconnot alipotia vitambaa vya kitani katika asidi ya salfuriki akapata sukari. Siku hizi asidi kali si lazima. Maji yakipashwa hadi kupita nyuzi 200 za selsiasi, yakizuiwa yasichemke kwa presha, huwa na asidi ya kutosha yenyewe kuanza kukata.

Tatizo linafuata hapo hapo. Glukosi iliyotoka kwenye mnyororo haistahimili joto lile. Inapoteza maji, vipande vinashikana ovyo, na mwishowe unapata tope jeusi liitwalo humini, ambalo halina soko. Asidi peke yake hukuletea sukari na kuiharibu papo hapo.

Hapa ndipo metali inapoingia. Gesi ya hidrojeni ikigusa uso wa platini, rutheni au nikeli, molekuli yake hupasuka kuwa atomi mbili zilizo tayari kuungana na kitu kingine. Glukosi inayopita hapo inazipokea na kuwa sorbitoli (moja ya zile wanakemia waziitazo pombe za sukari, ingawa hailevyi), na sorbitoli inalivumilia joto lililokuwa likiiangamiza glukosi. Kwa maneno mengine, metali huiokoa sukari kabla haijaungua. Metali yenyewe haimaliziki katika mmenyuko, yaani badiliko hilo la kikemia. Inarudi ilivyokuwa na kumpokea mgeni mwingine.

Ili gramu chache zitoshe, metali hutawanywa kama chembe za nanomita chache tu juu ya unga wa kaboni wenye vitundu vingi. Ukifungua mtungi uliopoa, utajua mambo yalivyokwenda kabla hujapima chochote. Hidrojeni ikiwa imefanya kazi, kioevu kiko safi au cha manjano hafifu, na unga mweusi wa kichocheo umetulia chini. Gesi ikiwa imevuja, unakutana na kahawia nzito, harufu ya sukari iliyoungua, na ukoko unaong'ang'ania kuta za chuma hata ukisugua kwa sabuni.

Kwa nini metali moja inatoa bidhaa hii na nyingine inatoa ile?

Kwa sababu kila metali ina kifungo inachokipenda. Rutheni na platini, katika hali ya upole, huongeza hidrojeni na kuiacha sukari na kaboni zake zote sita, ndiyo sorbitoli. Tangsteni hufanya jambo jingine: inaipasua glukosi katikati ya kaboni zake. Kipande cha kaboni mbili kinachotoka humo kikikutana na nikeli na hidrojeni kinakuwa ethilini glikoli. Ukiongeza bati, glukosi hugeuka kwanza kuwa fruktosi, sukari ya matunda, mpasuko unaangukia mahali pengine, vipande vya kaboni tatu vinaongezeka, na unaelekea kwenye propilini glikoli. Malighafi ni ile ile na mtungi ni ule ule, lakini bidhaa inafuata metali uliyoichagua. Ukiniuliza kwa nini nimeipenda kemia hii, nitakujibu kwa mfano huo.

Jambo hili limethibitishwa, au bado ni ndoto ya maabara?

Limethibitishwa. Mwaka 2006 Atsushi Fukuoka na Paresh Dhepe, wakifanya kazi Japani, walionyesha kwamba selulosi yaweza kugeuzwa moja kwa moja kuwa pombe za sukari kwa platini iliyokaa juu ya alumina, yaani oksidi ya alumini. Walitumia nyuzi 190 kwa saa 24 na kupata mazao ya takriban asilimia 31, nyingi yake sorbitoli. Mwaka uliofuata watafiti wa Uchina walitumia rutheni juu ya kaboni katika nyuzi 245 wakafikia karibu asilimia 40. Mwaka 2008 kundi la Zhang Tao huko Dalian, Uchina, lilichukua kabidi ya tangsteni (tangsteni iliyoungana na kaboni), likaitia nikeli kidogo, na kupata ethilini glikoli ya asilimia 61 kwa nusu saa. Tangsteni na nikeli ni rahisi mno kuliko platini, kwa hiyo matokeo hayo yalifungua macho ya wengi.

Viwandani nako kumechangamka. Delfzijl, Uholanzi, kulizinduliwa mtambo wa majaribio wa kutengeneza glikoli kutoka sukari ya mimea mwaka 2019. Leuna, Ujerumani, kampuni ya UPM iliamua mwaka 2020 kujenga kiwanda kinachoanzia kwenye mbao, kikiwa na uwezo uliopangwa wa tani 220,000 kwa mwaka.

Lakini soma majaribio hayo ya mwanzo kwa makini. Mengi yalitumia selulosi safi, unga mweupe wa chupani, aina ile ile inayojazwa kwenye vidonge vya dawa. Sisi hatuna unga mweupe. Tuna makapi yaliyotoka shambani Kano yakiwa na udongo mweusi, yakapita kwenye vinu, yakalala uani wiki kadhaa yakinyeshewa. Swali la Magharibi ya Kenya ni kama kichocheo kitaishi ndani ya makapi hayo, na halijibiki Dalian wala Delfzijl.

Kemikali hizi zinatumika wapi?

Sorbitoli iko kwenye dawa ya meno, inaizuia isikauke. Iko kwenye peremende zisizo na sukari, na ndiyo mwanzo wa vitamini C ya viwandani kwa njia iliyobuniwa na Tadeus Reichstein miaka ya 1930. Ukiitoa maji inakuwa isosobaidi, inayotumika kwenye plastiki na pia katika dawa ya moyo. Ethilini glikoli inawekwa kwenye rejeta ya gari, na ni karibu theluthi ya uzito wa plastiki ya chupa za maji na soda. Polyesta ya nguo nayo inaihitaji.

Sorbitoli ya leo hutengenezwa kwa wanga wa mahindi, ngano au muhogo. Kwetu hilo si jambo dogo. Mahindi ndiyo ugali, na kiwanda kinachonunua mahindi kutengeneza dawa ya meno kinashindana na sufuria ya mama mwenye watoto. Makapi hayaliwi na mtu. Kama ni kujenga kemia, tuijenge juu ya kile ambacho hakiondoi chakula mezani.

Muhoroni tayari wanatengeneza pombe kutokana na molasi. Kwa nini tusifanye ethanoli tu?

Molasi ina sukari iliyokwisha kufunguliwa. Hamira inaanza kazi mara moja. Selulosi imefungwa, na kuifungua kwa vimeng'enya kunataka maandalizi ya gharama na siku kadhaa za kusubiri. Kampuni ya DuPont ilifungua kiwanda cha ethanoli ya selulosi mjini Nevada, jimbo la Iowa, mwaka 2015, kikitumia mabua ya mahindi. Kilifungwa 2017.

Kuna sababu nyingine ninayoiona nzito zaidi. Hamira ikigeuza glukosi kuwa ethanoli, kaboni mbili kati ya sita zinapaa hewani kama gesi ya kaboni dayoksaidi. Theluthi ya kaboni imekwenda. Njia ya glikoli, ikienda sawasawa, inazibakiza zote sita, na hata oksijeni nyingi iliyomo kwenye sukari inabaki ndani ya bidhaa. Mmea umekwisha kutufanyia kazi ya kuiweka oksijeni pale. Kuitupa ili tupate mafuta ya kuchoma ni hasara. Sisemi Muhoroni wafunge. Molasi na hamira vinaelewana vizuri. Nasema makapi yanastahili njia yake.

Magugu maji je? Ziwa limejaa, na ni ya bure.

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi ya yote, na najua linatoka wapi. Mvuvi wa Dunga akiamka akakuta ghuba imefunikwa kijani na mashua haitoki, siku hiyo hakuna samaki wala hela. Mmea huu ulitoka Amerika ya Kusini, ukaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 ulikuwa umeziba sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam. Kila mtu angependa kusikia kwamba balaa limegeuka mali.

Hesabu yenyewe ni hii. Gugu maji lililotoka ziwani ni maji kwa asilimia 90 hadi 95. Tani nzima ya majani mabichi inakuachia kilo 50 hadi 100 za kitu kikavu. Katika hicho, selulosi ni kama robo au pungufu, kwa hiyo kilo 10 hadi 25. Umelipa boti, watu wa kuvuna, lori, na kukausha, kwa ajili ya gunia moja dogo. Majivu yake ni mengi kuliko ya makapi ya miwa, na mizizi hufyonza metali nzito kutoka majini, ambazo huenda moja kwa moja kwenye kichocheo.

Lina sifa njema pia. Lignini yake ni kidogo, kwa hiyo ni rahisi kufunguka, na hemiselulosi yake ni nyingi. Kama halmashauri inalivuna hata hivyo ili kufungua njia za mashua, na gharama ya kulitoa majini imebebwa na kazi hiyo, basi kulitumia kuna mantiki. Lakini biogesi inalipokea likiwa bichi, bila kukaushwa, na mimi ningelipeleka huko kwanza. Kiwanda kinachotegemea magugu maji kina tatizo jingine tena: upepo ukigeuka, malighafi yako imehamia upande mwingine wa ghuba. Na wale wadudu walioachiliwa ziwani ili wayale magugu wakifanya kazi yao vizuri, jambo ambalo sote tunaliombea, kiwanda kinakosa malighafi. Sitaki mtu awe na sababu ya kuyatakia magugu maisha marefu.

Lakini viwanda vya sukari si vinayachoma makapi kwenye boila?

Vinayachoma, na hilo ni sawa. Kiwanda cha sukari kinajiendesha kwa makapi yake, na Mumias ilifika mahali pa kuuza umeme kwenye gridi ya taifa kuanzia 2009. Hatuwezi kuja tukawaambia watu wazime boila.

Tunachoweza kusema ni kwamba si kila sehemu ya makapi ina thamani sawa motoni. Kilo ya lignini kavu inatoa joto la takriban megajuli 25. Kilo ya selulosi inatoa kama 17. Lignini ni kuni nzuri, selulosi ni kuni ya wastani na kemikali bora. Zaidi ya hapo, makapi yanaingia boila yakiwa na maji nusu ya uzito wake, na joto jingi linaishia kuyachemsha maji hayo. Kiwanda kikiyakausha kwa joto la bomba la moshi na kurekebisha boila, kinapata makapi ya ziada bila kupunguza mvuke. Ziada hiyo ndiyo ninayoizungumzia, pamoja na marundo yanayoozea uani.

Mimi ni mkulima. Tani yangu ya miwa ina kemikali kiasi gani, na nitalipwa?

Tani moja ya miwa huacha kama kilo 300 za makapi mabichi. Toa maji, unabaki na 150. Selulosi ndani yake ni kama kilo 60 au zaidi kidogo. Kama kila kitu kingegeuka bila kupotea, kilo hizo 60 zingezaa karibu kilo 67 za sorbitoli, kwa sababu maji na hidrojeni vinaongezeka kwenye molekuli. Kihalisi, chukua nusu ya hapo ukiwa na bahati.

Kuhusu malipo, mzee wangu, sitakudanganya. Umezoea kulipwa kwa uzito wa miwa langoni, na thamani ya makapi inabaki kiwandani. Kiwanda cha kemikali kikija bila mkataba unaoyataja makapi kwa jina, mapato yake hayatakufikia. Jambo hilo lijadiliwe kwenye vyama vya wakulima kabla ya jiwe la msingi, maana baada ya hapo nguvu ya kujadili inapungua.

Hidrojeni itatoka wapi?

Hidrojeni inayohitajika si nyingi kwa uzito. Kwa kilo 400 za selulosi, sorbitoli inataka karibu kilo 5 za hidrojeni, na glikoli kama kilo 15. Shida ni chanzo. Hidrojeni nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia, na ukiinunua hiyo umeondoa nusu ya maana ya kuanzia kwenye mmea.

Kenya ina njia nzuri: kuyapasua maji kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Olkaria, penye mitambo ya umeme huo, iko Kaunti ya Nakuru, kwenye njia ya kuja huku, na usiku mahitaji ya umeme yanaposhuka mvuke bado upo. Njia ya pili ni kuitoa hidrojeni kwenye mmea wenyewe. Mwaka 2002 kundi la James Dumesic huko Wisconsin, Marekani, lilionyesha kwamba sukari iliyoyeyushwa majini, ikipitishwa kwenye platini karibu na nyuzi 225, hutoa hidrojeni. Unatoa sadaka sehemu ya sukari ili kuokoa iliyobaki. Ya tatu ni kutumia asidi ya fomiki au pombe kama mbebaji wa hidrojeni, bila mtungi wa gesi. Kwa maabara ya chuo chenye bajeti ndogo, hii ya tatu ndiyo ninayoipendekeza, maana inapunguza hatari pia.

Kichocheo kinadumu muda gani? Si ndiyo gharama kubwa?

Ndiyo, na hapa ndipo miradi mingi itakufa kama haikujipanga. Kichocheo kinachotoa matokeo mazuri mara moja hakina faida kwa mwenye kiwanda. Anataka kile kile kwa miezi.

Adui wa kwanza ni maji ya moto yenyewe. Alumina, ambayo ni makao ya kawaida ya metali katika viwanda vya petroli, ikikaa kwenye maji ya nyuzi 200 hubadilika kuwa madini mengine na kuzizika chembe za metali. Kaboni inavumilia, zirkonia na titania (oksidi za zirkoni na titani) pia. Adui wa pili ni asidi zinazozaliwa ndani ya mchakato, ambazo huiyeyusha nikeli polepole. Unaona rangi ya kijani hafifu kwenye kioevu, na hiyo kijani ni kichocheo chako kinaondoka.

Wa tatu ndiye wetu hasa: majivu na udongo. Potasi na kalsiamu za mmea huzima asidi inayokata mnyororo. Silika inaziba vitundu. Humini nayo inafunika kila kitu kama masizi. Kwa hiyo kazi isiyo na jina kubwa, yaani kuosha, kuchuja udongo na kuloweka makapi kwenye maji moto ili chumvi zitoke, ina uzito kuliko kutafuta metali ya ajabu. Miwa iliyovunwa wakati wa mvua ikapakiwa na matope ni tatizo la kemia kabla ya kuwa tatizo la lori.

Wa nne ni salfa. Wakazi wa Webuye wanaijua harufu ya kutengeneza karatasi. Inatoka kwenye misombo ya salfa, kwa kuwa njia ya kuitenga selulosi ya karatasi kutoka kwenye mbao hutumia salfaidi ya sodiamu. Nyuzi zilizotengwa hivyo huonekana safi machoni, lakini salfa kidogo iliyobaki inashika uso wa nikeli au rutheni na haibanduki. Ukichagua njia ya kuitenga selulosi, fikiria metali inayoisubiri mbele.

Kuhusu bei, rutheni na platini hutoka zaidi Afrika Kusini na ni ghali. Nikeli imo ardhini Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, ng'ambo ya ziwa hili, na tangsteni inachimbwa Rwanda. Sisemi kesho tutachimba na kutengeneza vichocheo. Nasema mchanganyiko wa nikeli na tangsteni si wa kigeni kwa ukanda wetu, na ni mwelekeo unaofaa kijana wa huku kuufuatilia.

Na magunzi ya mahindi ya Kitale?

Magunzi yana hemiselulosi nyingi, na bidhaa yake ya asili ni furfurali, kioevu kinachotokana na sukari za hemiselulosi. Marekani ilianza kuitengeneza kibiashara miaka ya 1920, ikianzia na maganda ya oti (oats). Hatua ya kwanza ni asidi tu, bila metali. Metali inakuja baadaye: shaba pamoja na kromiamu huongeza hidrojeni kwenye furfurali, inatoka pombe ya kutengeneza gundi ya kufinyanga mchanga katika viwanda vya kusubu chuma.

Eldoret iliwahi kujengewa kiwanda cha furfurali cha kutumia magunzi. Hakikudumu. Kila anayeleta mpango mpya akisome kisa hicho kwanza, kwa sababu magunzi hayapatikani kiwandani kama makapi. Yametawanyika kwenye maelfu ya nyua, na mengi yanapikia chai.

Naweza kujaribu hii kwenye karakana ya jua kali?

Hapana. Najua mafundi wetu wana mikono ya dhahabu, na bado nasema hapana. Sufuria ya presha ya jikoni hufanya kazi karibu na nyuzi 120, ikiwa na presha mara mbili ya hewa ya kawaida. Maji yakifika nyuzi 245 mvuke peke yake unasukuma kuta kwa takriban mara 36 ya presha ya hewa ya kawaida, na bado hujaongeza hidrojeni. Mtungi usiopimwa ukipasuka unaua. Hidrojeni haina rangi wala harufu, inapita kwenye nyufa ambazo gesi ya kupikia haipiti, na inawaka kwa cheche ndogo. Kazi hii inafanywa ndani ya mtungi uliothibitishwa, wenye valvu ya usalama, katika chumba chenye hewa ya kutosha na mtu anayejua.

Makapi yenyewe pia yana hatari. Yaliyooza na kukauka hutoa vumbi lenye vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa mapafu unaojulikana kwa jina la bagasosi. Ukifunua rundo la zamani, lowesha kwanza na vaa barakoa nzuri.

Kemikali ikitoka kwa mmea, si ni salama?

La. Molekuli haikumbuki ilikotoka. Ethilini glikoli ya miwa ni sumu sawasawa na ya petroli: ina utamu, na inaharibu figo. Mwaka 2022 nchini Gambia makumi ya watoto walikufa baada ya kupewa dawa za kikohozi zilizochafuliwa na daiethilini glikoli na ethilini glikoli. Yeyote anayetaka kuitengeneza hapa aweke rangi, lebo na kufuli, na asiuze kwa mtungi usio na jina. Sorbitoli ni jambo tofauti, inaliwa. Lakini ile iliyotengenezwa kwa nikeli ni lazima ipimwe kuhakikisha hakuna metali iliyobaki.

Mimi ni mwanafunzi. Nianzie wapi?

Usianze na kichocheo. Anza na malighafi, maana taarifa za makapi yetu zilizopimwa vizuri zitakusaidia wewe na atakayekuja nyuma yako. Chukua sampuli kutoka kiwanda kimoja, juu, katikati na chini ya rundo. Andika tarehe, aina ya miwa kama wanaijua, kama ilichomwa kabla ya kuvunwa, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Kausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, ujue unyevu. Kisha choma gramu chache kwenye tanuri la nyuzi 575 hadi ibaki rangi ya kijivu hafifu, upime majivu. Osha nusu ya sampuli kwa maji ya moto, ichuje, ikaushe na kuichoma tena. Linganisha. Kazi hiyo inahitaji mizani, oveni na tanuri, navyo vipo katika vyuo vingi vya huku. Ukimaliza utajua ni kiasi gani cha uchafu kinaondoka kwa maji tu, na kilichobaki ndicho utakachomwambia msimamizi wako kwamba unatafuta kichocheo cha kukistahimili.